Supaplan Yaletewa Mke Mwenza

Jumatatu, 7 Novemba 1988

Siku mbaya. Mbaya! Hata chai sikuinywa.

Amekuja msichana ofisini. Dorcas Mbeyu, kwao Kakoneni, ametoka Nairobi kusomea kompyuta miezi tisa. Mimi nilisomea Mombasa wiki tatu, lakini zilikuwa wiki nzito. Ameingia na mkoba, na sweta, na disketi mbili ndani ya bahasha, amezishika utadhani mayai. Akaniamkia shikamoo. Shikamoo! Mimi nina miaka thelathini na sita! Nikaitikia marahaba huku roho yanifuka moshi.

Kwa atakayeisoma shajara hii nikishakufa (na asiiguse kabla): mimi ni Mahadhi bin Bwanamkuu, Mkuu wa Kompyuta katika Ushirika wa Korosho, Malindi. Cheo nilijipa mwenyewe, lakini mwaka wa pili huu hakuna aliyekikataa. Kompyuta ni moja. Chumba chake ni kimoja, na ndicho pekee chenye mashine ya baridi. Meneja mwenyewe ana feni la kusukumia joto huku na huku. Kuingia sharti uvue viatu. Ufunguo uko shingoni mwangu. Na programu ni Supaplan. Skrini nzima mistari na safu, wewe waandika tarakimu, yenyewe yajumlisha. Ofisi zote za maana Mombasa hutumia Supaplan. Mtaani kwetu Shela watu huniita Mkuu. Hata imamu aliniita Mkuu, mara moja.

Sasa huyu Dorcas kaja na programu mpya, jina lake Kwikalk. Kasema mbele ya meneja, Bwana Lewa, kwamba Supaplan ni nzuri, ila imezeeka. Imezeeka! Nimejua leo anavyoona mwanamke aliyeletewa mke mwenza. Mgeni yuko sebuleni na leso mpya, nawe waambiwa umkaribishe na maji umpe.

Bwana Lewa katoa hukumu papo hapo. Makao makuu yataka programu moja na karani mmoja. Tushindane hadi tarehe ishirini na tatu. Atakayeshinda abaki chumbani. Atakayeshindwa aende Matsangoni kusimamia mizani ya korosho.

Matsangoni! Chini ya bati, jua la saa saba, vumbi la magunia puani! Mkuu wa Kompyuta!

Nimemweleza mke wangu Kuluthumu yote, mpaka kauli imenikauka. Akauliza je, huyo binti wa watu alipewa chakula cha mchana? Hilo ndilo swali lake.

Jumanne, 8 Novemba

Mpango wa kwanza. Baridi.

Nimefika mapema, nikaifungulia mashine ya baridi mpaka mwisho. Hesabu yangu: mtu wa Kakoneni hawezi baridi, mpaka adhuhuri atakuwa ameomba kazi ya nje kwa hiari yake.

Sikuihesabu sweta. Ndiyo maana aliibeba! Nairobi wote wanazo. Kaivaa, kaketi, anabonyeza funguo zake taratibu, hana neno. Mimi shati la mikono mifupi. Saa nne meno yalianza kugongana. Saa tano sikuwa nazisikia nyayo zangu, maana viatu viko mlangoni na sakafu ni ya saruji. Nikajidai nasoma kitabu cha Supaplan. Kumbe nimekishika juu chini.

Dorcas akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia sisi watu wa mji tumezoea. Akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Nikanywa. Ilikuwa tamu. Hilo limeniuma kuliko baridi.

Jumatano, 9 Novemba

Mafua. Sauti imekwenda. Yeye mzima wa afya.

Leo mashindano madogo. Bwana Lewa kataka majina ya wakulima mia sita na arobaini yapangwe kwa herufi, kila mmoja na programu yake, kwenye kompyuta hiyo hiyo. Nikatangulia. Supaplan ikaanza kazi. Taa ya disketi ikawaka, ikazima, ikawaka. Nikamwambia meneja kwa ishara kwamba inafikiri. Bwana Lewa akaenda kunywa kahawa, akarudi, akaenda kusali adhuhuri kwa niaba yangu, alivyosema, ingawa yeye ni mtu wa kanisa. Ikamaliza. Nikafuta jasho, katika baridi ile.

Zamu ya Dorcas. Akabonyeza. Nikainama kupenga kamasi, nilipoinuka majina yamepangika. Abdalla juu, Zuhura chini. Nikasema haraka haraka haina baraka, lakini sauti haikutoka, nikaonekana kama samaki.

Kisha akafanya uchawi mwingine. Akabonyeza tena, na Kwikalk ikachora! Milingoti kwenye skrini, mirefu na mifupi, kila mlingoti kituo kimoja cha korosho. Bwana Lewa akaita ofisi nzima. Wakaja hadi wapishi wa chai. Pea za viatu mlangoni utadhani Ijumaa. Wakasema ooo. Miaka miwili nawapa jumla zisizo na kosa hata moja, hakuna aliyewahi kuniambia ooo.

Meneja akaniuliza kama Supaplan nayo yaweza kuchora. Nikaandika kwenye karatasi: yaweza, ila haipendi.

Je, nina wivu? Sina. Naandika tu yaliyotokea.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimekesha na wazo, asubuhi nimelitekeleza. Ripoti ya Ulinganisho! Kurasa sita. Nimeipiga chapa kwa ile printa ya kelele, kwenye karatasi zenye matundu pembeni, ionekane ya kitaalamu.

Nimelinganisha kwa haki. Jina: Supaplan lina uzito, Kwikalk ni jina la kuku. Umaarufu: Supaplan yajulikana dunia nzima, Kwikalk yajulikana na Dorcas. Safu: Supaplan mia mbili hamsini na sita, Kwikalk vivyo hivyo, lakini safu za Supaplan zimetulia. Tena nilivichukua vitabu vya programu zote mbili nikavipima kwenye mizani ya ghalani. Supaplan kilo moja na robo. Kwikalk nusu kilo, na hapo nilikibana kidogo kwa kidole. Elimu iliyoko kwenye kilo moja na robo haiwezi kuenea kwenye nusu kilo. Mtoto mdogo aelewa.

Bwana Lewa kaisoma amesimama. Kaniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kupima vitabu ghalani. Kisha kasema ripoti haibebi korosho. Mtihani ni malori.

Mtihani wenyewe huu. Malori mawili, barabara mbili za ndani. Barabara ya Marafa na barabara ya Kakoneni. Mwaka jana zilitoa magunia sawasawa. Kila mmoja wetu achukue barabara moja, atazame tarehe za mwaka jana kwenye programu yake, aamue siku tatu za kutuma lori. Magunia mengi ndiye mshindi.

Kwa kuwa mimi ni mkubwa, nikapewa kuchagua kwanza. Nikachagua Kakoneni. Kwa nini? Kwa sababu ni kwao! Asije akapata msaada wa shangazi na wajomba. Nikamtazama usoni nione alivyoumia. Akasema ni sawa, Marafa pia kuzuri, na akaniomba nikipita nimsalimie nyanya yake.

Mjanja huyu. Mtu asiyeumia ni wa kuogopwa.

Ijumaa, 11 Novemba

Furaha! Furaha kubwa! Nimemshika!

Asubuhi nilimaliza kazi yangu. Nikaipa Supaplan tarehe zote za mwaka jana, nikaiambia ijumlishe magunia kwa siku: Jumatatu zote pamoja, Jumanne zote pamoja, hivyo hivyo hadi Jumapili. Safu saba. Ikatoa jibu: siku zote sawa! Jumatatu sawa na Alhamisi, Alhamisi sawa na Jumamosi. Jibu zuri lilioje! Maana yake tutume lori siku tuipendayo. Nimeweka Jumatatu tarehe kumi na nne, Alhamisi kumi na saba, Jumatatu ishirini na moja. Siku ninazopenda.

Alasiri ikawa zamu ya Dorcas. Nikarudi ati nimesahau kofia. Nikachungulia skrini yake. Safu nne! Yarabi! Binti wa watu kasoma miezi tisa Nairobi na hajui kwamba wiki ina siku saba! Tarehe zote kazimwaga kwenye safu nne, moja mbili tatu nne, kisha arudi moja. Na safu moja imejaa hadi juu, nyingine tatu tupu. Ndivyo mambo yanavyoharibika. Nikauma ulimi nisicheke, nikatoka na kofia ambayo nilikuwa nimeivaa.

Nikakimbia kwa Bwana Lewa. Nikamwambia kwa heshima, kama mtu anayesikitika, kwamba Kwikalk ya Dorcas ina wiki ya siku nne. Bwana Lewa kwao Junju, mtu makini, hacheki ovyo. Leo kacheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza mara mbili: siku nne? Nikasema nne, wallahi. Akapiga meza. Akamwita Kambi, dereva wa lori langu, nirudie. Kambi naye kacheka, akashikilia mlango.

Basi. Amekwisha. Mtu akichekwa hivyo na meneja kazi hana. Nikaenda kuswali nimepoa roho. Njiani nikamhurumia kidogo.

Jumatatu, 14 Novemba

Magunia mia moja na kumi na mawili!

Narudia ili niyaone tena: mia moja na kumi na mawili. Lori limerudi kutoka Kakoneni limeinamia ubavu. Kambi asema watu walikuwa wamejaa kituoni kama harusini, wamekaa na magunia wanatusubiri. Wamemsubiri nani? Wamesubiri Supaplan.

La Dorcas nalo lilikwenda Marafa leo hii hii. Mia na tisa. Amenizidi kwa tabasamu, mimi nimemzidi kwa magunia matatu. Nikampa mkono mbele ya watu. Nikamwambia asivunjike moyo, mwanzo ni mgumu, na kwamba Jumatatu ni siku ya heri, aliiotea tu. Akasema ni kweli, Jumatatu hii ilikuwa nzuri. Alisema "hii" kwa namna fulani. Nimeiandika hapa nisije nikaisahau.

Kuluthumu kapika pilau. Si kwa ajili yangu, ni ya arubaini ya jirani. Lakini nimekula kwa ushindi.

Alhamisi, 17 Novemba

Magunia tisa.

Tisa! Lori la tani saba! Yalikuwa yakicheza nyuma mle kama njugu kwenye debe. Nikamuuliza Kambi alikuwa amelala njiani? Kambi akaniita kaka, akasema hakulala. Vituo vyote vilikuwa vitupu. Watu wako mashambani wanalima.

Nikamuuliza kwa nini walime leo na Jumatatu wasilime? Akanitazama kwa huruma. Akasema Jumatatu ilikuwa Jumwa.

Hapo nikataka maelezo, akanieleza. Ati huko ndani wazee wana juma lao, la siku nne. Siku ya nne yaitwa Jumwa, haishikwi jembe. Watu hupumzika, ndipo huenda sokoni, ndipo huteremsha korosho. Siku tatu nyingine huwapati, wako shambani. Ati Jumwa ijayo ni kesho, Ijumaa, na baada yake Jumanne. Ati kila mtu anajua. Ati hata Bwana Lewa anajua, ndiyo maana alicheka siku ile.

Alinicheka mimi?

Nimeketi na hilo mpaka maghribi. Kisha nikapata la maana la kufanya. Nikachukua kitabu cha Supaplan, kilo moja na robo, nikatafuta nyuma kwenye orodha ya maneno, herufi J. Hakuna Jumwa. Nikasoma herufi nzima, na I, na K, huenda wamekosea kupanga. Hakuna. Basi nani wa kulaumiwa hapa, mimi au kitabu?

Ijumaa, 18 Novemba

Lori la Dorcas: mia na kumi na saba. Siku ya Ijumaa! Nani hutuma lori siku ya Ijumaa? Mtu mwenye Jumwa.

Sasa nakiri. Nina wivu. Wivu, kijicho, husuda, na vingine ambavyo havijapata jina. Supaplan nimeihudumia miaka miwili. Nimeifuta vumbi kwa brashi ya rangi, sijamruhusu mtu ale karibu yake hata mkate. Na jambo kubwa hivi ikanificha! Kwikalk imekuja jana juzi, tayari imeshampa bibi yake siri.

Maana ni wazi. Jumwa imo ndani ya Kwikalk. Walioitengeneza huko Ulaya waliiweka.

Nikamkabili Dorcas. Nikamwambia najua. Akauliza najua nini. Nikamwambia kitufe cha Jumwa kiko wapi. Akacheka, kisha akaona sicheki, akaacha. Akasema hakuna kitufe, Kaka Mahadhi. Alimuuliza nyanya yake Jumwa ya mwisho ilikuwa lini, akaiandika kwa kalamu kwenye kiganja, akahesabu nne nne. Ati Supaplan yangu nayo yaweza kabisa. Nifute saba niandike nne, dakika tano tu. Ati akae nami tufanye sasa hivi, bado nina safari moja, niipeleke Jumanne badala ya Jumatatu.

Ala! Nimsikilize? Adui akukumbushe kubadilisha mipango yako siku tano kabla ya hukumu, nawe ubadilishe? Na nyanya gani anayeshinda programu? Kitufe kipo. Ananificha.

Jumamosi, 19 Novemba

Mpango wa mwisho. Naunakili mwizi ninaibiwa nini? Hapana, nimeandika vibaya, nimechanganyikiwa. Naanza upya.

Jumamosi ofisi hufungwa saa sita. Dorcas aliondoka mapema kwenda kwao. Disketi zake ziko kwenye droo isiyo na kufuli, maana yeye huamini watu. Nikajifungia. Nia yangu njema: kunakili Kwikalk kwenye disketi yangu, nitafute Jumwa kwa raha zangu, niirudishe yake mahali pake. Hakuna aliyeibiwa. Programu ni kama mshumaa, ukiwasha wako kwa wake, wake hauzimiki.

Kompyuta ina milango miwili ya disketi. Mmoja wa kunakili kutoka, mmoja wa kunakili kuingia. Nikaweka Kwikalk mlango wa kwanza. Mlango wa pili nikatafuta disketi tupu. Hazikuwapo, ofisi yetu haina tupu. Nikaweka disketi ya Supaplan, maana nilijua ina nafasi mwishoni. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Mimi Mkuu wa Kompyuta, niulizwe kama nina hakika? Nikabonyeza ndiyo.

Ikanguruma. Ikamaliza. Nikaifungua disketi yangu nione zote mbili zilivyokaa pamoja.

Ilikuwapo moja.

Kwikalk tu. Supaplan haipo. Majedwali yangu ya miaka miwili hayapo. Nilitafuta kila mahali, nikaizima kompyuta nikaiwasha, nikaitoa disketi nikaipuliza, nikaisomea Ayatul Kursi. Haipo. Mke mwenza kaingia kaketi kitandani, na mwenye nyumba nimemtoa mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Na kitufe cha Jumwa nimekitafuta saa nzima. Sikukiona. Wamekificha barabara.

Jumatatu, 21 Novemba

Lori langu la tatu limekwenda leo. Kambi aliniomba asubuhi, kwa heshima zote, tungoje kesho. Nikamwambia ratiba imetoka kwenye Supaplan na hakuna awezaye kuibadilisha. Hilo ni kweli tupu. Huwezi kubadilisha kitu kisichokuwapo.

Magunia sita. Na salamu kutoka kwa nyanya yake Dorcas, ambaye alimwambia Kambi anionee huruma.

Jumanne, 22 Novemba

Sikutaka kutoka nje kuangalia. Nilitoka.

Mia na ishirini na nane, na mengine yamebaki Marafa kwa kukosa nafasi. Wapagazi wanaimba. Bwana Lewa, mtu mzima, anachezesha mabega. Dorcas amesimama kando, vumbi mpaka kwenye nywele, anahesabu kwa kidole. Aliponiona akanipungia mkono. Nikajifanya naangalia ndege.

Kuluthumu anauliza kwa nini sili. Nimemwambia tumbo. Amesema si tumbo. Miaka kumi na moja ya ndoa, anajua pa kuchoma.

Jumatano, 23 Novemba

Hukumu.

Sote chumbani, viatu mlangoni. Mimi magunia mia na ishirini na saba kwa safari tatu. Yeye mia tatu hamsini na nne. Bwana Lewa hakuhitaji kompyuta kutoa moja kwa nyingine. Lakini ni mtu wa haki, akasema kabla ya kuamua anataka kuziona programu zote mbili mara ya mwisho, ubavu kwa ubavu. Tuanze na ya mkubwa.

Nikasema joto limeiathiri. Akasema katika chumba hiki? Nikasema basi baridi. Akanyoosha mkono, akaichukua disketi yangu, imeandikwa SUPAPLAN kwa mkono wangu, akaitia mwenyewe.

Ikaja ile rangi. Ikaja lile jina, herufi kubwa, KWIKALK.

Bwana Lewa akanigeukia pole pole. Akasema kumbe hata wewe, Mahadhi, umeshaichagua.

Akili yangu ikafanya kazi kwa kasi. Nikasema ndiyo! Nikasema kwa kuwa disketi zote mbili ni Kwikalk, basi sote tumeshinda, na palipo na washindi wawili mkubwa ndiye abaki. Nilidhani ni hoja nzuri. Mpaka sasa nadhani ni hoja nzuri.

Matsangoni. Kuanzia Jumatatu.

Dorcas akaomba ruhusa aseme. Akaniombea! Akasema nibaki, chumba chatosha viti viwili, atanifundisha, na mimi najua majina yote ya wakulima kwa kichwa, jambo ambalo yeye hajui. Bwana Lewa akaanza kulegea. Nilimwona analegea! Akaniuliza nasemaje, niko tayari kujifunza kwa Dorcas?

Na mimi nikasema nini? Nikasema Mkuu wa Kompyuta hafundishwi na mtu anayemuuliza nyanya.

Kwa nini ulimi huu? Kwa nini? Nilikuwa nimeshabaki!

Nikauvua ufunguo shingoni. Shingo ikawa nyepesi, mbaya. Nikaenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kuchukua viatu vyangu.

Jumatano, 30 Novemba. Matsangoni

Kituo ni bati, nguzo nne, meza, na mizani. Msaidizi wangu ni Mzee Garama, mpanga magunia, yuko hapa tangu mizani ya mawe. Kituo hakikuwa na utaratibu wowote. Ati walikuwa wakifungua watu wakija. Wakija! Jumatatu nikabandika tangazo: kupima ni Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Jumatano ni kusafisha mizani na kuitia mafuta. Ratiba ya kisasa.

Jumatatu hakuja mtu. Jana kaja mama mmoja na kikapu, akitafuta njia ya zahanati.

Leo Jumatano nimefika saa moja na tambara langu. Watu sabini! Magunia yamepangwa mpaka barabarani! Akina mama, wazee, baiskeli, punda wawili. Mzee Garama akaninong'oneza kwamba leo ni Jumwa. Nikamwambia leo ni Jumatano, asome tangazo. Akasema hajui kusoma, na wao pia wengi hawajui, lakini Jumwa wanaijua.

Nikasimama juu ya meza nikawatangazia kwa upole warudi kesho. Wakaniuliza nani atakayewalimia kesho. Kabla sijajibu, honi. Lori la Kambi! Ati Dorcas kamtuma, kwa kuwa safu yake imemwonyesha kwamba Matsangoni leo kutajaa. Wakateremsha mizani ya kuning'iniza, wakaifunga kwenye tawi, mbele ya macho yangu, na ndani ya saa mbili hapakuwa na hata punje. Kwa mkono wa Kambi, Dorcas kaniletea chupa ya chai ya tangawizi na barua. Kasema kiti changu bado kipo, niseme tu neno.

Sasa nimeelewa kila kitu. Ni yeye aliyewaita hawa watu! Watu sabini hawawezi kukosea siku moja kwa bahati. Kaniondoa chumbani na sasa anataka mizani yangu!

Alhamisi, 1 Desemba. Matsangoni

Nimefungua saa moja kamili. Mizani inang'aa. Hakuna mtu. Mzee Garama kalala juu ya magunia matupu.

Nimetumia asubuhi kuandika, barua mbili. Ya Dorcas ni fupi: asante kwa chai, neno hilo sitalisema. Ya Bwana Lewa ndefu. Nimemweleza kwamba tatizo la kituo hiki nimelichunguza kisayansi na nimelipata. Naomba kalenda arobaini za ukutani, za siku saba, zenye picha ili zipendeze, tuwagawie wakulima bure. Wakishajua leo ni siku gani, korosho zitakuja zenyewe.